Bagamoyo: Kambi Yetu Ilikuwa Wapi?

Baba mkwe aliushika mnyororo kwa vidole viwili, akaupima uzito wake, kisha akaniuliza:

"Huu alifungwa mnyama gani?"

Tulikuwa chini ya mbuyu wa misheni, Bagamoyo, kama saa nne asubuhi. Mbuyu huo ulipandwa mwaka 1868, mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar. Kwenye shina lake kimetokeza kipande cha mnyororo, urefu wake kama rula ya mwanafunzi. Sehemu nyingine yote imemezwa na mti.

Nimewapeleka wageni pale labda mara ishirini. Wafanyakazi wenzangu, wifi zangu, shoga zangu niliosoma nao. Kila nilipofika kwenye ule mti nilikuwa nashusha sauti. Sikuwahi kutamka uongo. Nilikuwa nasema tu, "Mnauona mnyororo?", halafu nanyamaza, namwachia kila mtu amalizie mwenyewe moyoni.

Na kila mtu alimalizia vilevile.

Baba mkwe amefuga punda Tabora tangu ujana wake. Yeye aliangalia unene wa pingili, akaona mnyama. Sikuwa na pa kujificha. "Ni wa punda, Baba," nikamjibu. Masimulizi ya misheni yenyewe yanasema hivyo: mwaka 1895 mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihudumia wagonjwa alikuwa akimfunga punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa juu yake. Nalijua hilo tangu nikiwa shule ya msingi. Nimezaliwa mji huu.

Akatikisa kichwa, akauachia. Hakunilaumu, maana hakujua kuna cha kulaumu. Lakini mimi nilijua, na miezi miwili sasa jambo hili linaniamsha usiku.

Ratiba yangu ya kila siku

Wageni wakifika kwangu, njia ni ileile. Asubuhi mapema Kaole, kabla jua halijawa kali, kwenye magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Pale wanazunguka mbuyu ili waongezewe siku za kuishi, wanachungulia kisima. Kutoka Kaole tunakuja misheni: makumbusho, kanisa la mwaka 1872, mnara. Mchana Mji Mkongwe, Caravan Serai, Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Jioni samaki. Mwenye hela ya boti anakwenda kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni, mwenye bahati anakuta wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wanapiga ngoma ufukweni.

Ni ratiba nzuri, bado ninaipenda. Ila nikiikagua sasa naona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mji wangu wote nilikuwa nauonyesha kwa makaburi, minyororo na majengo ya waliotutawala. Wageni walikuwa wanaondoka na huzuni nzito, wananishukuru kwa huzuni hiyo, nami nilikuwa naihesabu kuwa ndiyo kazi iliyofanyika vizuri.

Baba mkwe alikuja Dar kwa harusi ya mjukuu wake. Ana miaka sabini na kitu, na hakuwahi kuiona bahari. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, akaniomba nimpeleke mimi kwetu, siku mbili. Nilikuwa na wasiwasi. Kukaa na mkwe siku mbili, ninyi wawili tu, unachunga kila neno.

Swali

Tulipotoka kwenye mti tukaingia makumbusho. Pale ipo minyororo ya kweli. Hiyo haihitaji kushushiwa sauti na mtu yeyote. Mapadri walikuwa wakikomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, na wakawajengea kijiji hapohapo misheni, Kijiji cha Uhuru. Baba alisimama mbele ya pingu muda mrefu. Alivua kofia.

Tulipotoka nje alikaa kwenye kivuli cha mwembe, akafuta jasho, akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Mwanangu, babu yake baba yangu alikuwa akija huku. Mara tatu amekuja. Alibeba pembe, akarudi na nguo. Sasa nionyeshe. Kambi yetu ilikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo, sikuwa na jibu.

Nimesoma Bagamoyo darasa la kwanza mpaka la saba. Najua jumba la nani lilikuwa wapi, najua Wajerumani walinyongea watu upande gani, najua makaburi ya askari wao. Wapagazi walikuja kwa maelfu kila msimu. Kutoka Unyanyembe, kule Tabora, mpaka hapa ni mwendo wa kama miezi mitatu kwa miguu, kila mtu na mzigo wake wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Walishuka na pembe za ndovu, wakapandisha merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Hakuna aliyewahi kunionyesha walipolala.

Nikampeleka Caravan Serai, kwa kuwa jina lenyewe linataja misafara. Alizunguka ua, akagusa ukuta. "Hapa walilala matajiri na mali zao," akasema. "Sisi tulikuwa wengi mno."

Na ni kweli. Wapagazi walitandaza kambi zao nje, minazini, pembezoni mwa mji. Pembezoni huko leo pana nyumba, maduka ya vocha, viwanja vyenye vibao vya "hapauzwi".

Bwaga

Usiku ule, yeye akiwa amelala kwa mama, mimi nilikaa barazani nikitafakari jina la mji.

Hadithi niliyokuwa nawapa wageni ni ile mnayoijua nyote: mtumwa akifika hapa anaiona bahari, anajua harudi tena kwao, anaubwaga moyo wake uchangani ili mwili uende peke yake. Ni hadithi inayokaba koo. Nimewaona watu wazima wakilia.

Bibi yangu hakuisimulia hivyo. Bibi alikuwa akisema jina ni la wapagazi. Mtu ametembea miezi mitatu, mabega yamechubuka, wenzake wengine amewazika njiani. Anafika mahali anaposikia harufu ya chumvi, anautupa mzigo chini. Puu! Anabwaga mzigo, na moyo nao anaubwaga, upumzike.

Nilikuwa nalipuuza toleo la bibi. Niliona ni la furaha mno kwa mahali palipopita mateso. Lakini usiku ule nilianza kulisikiliza lile neno lenyewe. Kubwaga ni kitendo cha mbeba mzigo. Anayebwaga ni yule aliyekuwa amebeba, naye anabwaga kwa uamuzi wake, akiwa amefika. Mtu aliyevunjika moyo tunasema amevunjika moyo. Aliyekata tamaa amekata tamaa. Wimbo nao tunaubwaga, yaani tunauanzisha kwa sauti ili wengine waitikie. Kwa lugha yetu, bibi ana haki.

Kisha nikakumbuka kubwaga manyanga. Mganga akishindwa anabwaga manyanga, na mtu akiacha jambo kwa kushindwa tunasema hivyohivyo. Basi huzuni nayo ina mlango wake ndani ya neno hili. Sikuweza kuufunga.

Nilikaa na hilo mpaka adhana ya alfajiri.

Nilichoweza kukipima vizuri ni historia. Watumwa wengi waliopelekwa Zanzibar katika karne ya 19 walipitia Kilwa. Bagamoyo ilipitisha watumwa pia, na hakuna anayepaswa kulipunguza hilo hata kidogo, lakini utajiri wa mji huu ulikuwa pembe za ndovu, na pembe zilikuja mabegani mwa watu ambao wengi wao walikuwa wapagazi wa ujira. Walipatana malipo, waligoma yasipotimia, walirudi kwao kabla ya mvua ili walime. Wapo pia waliobeba wakiwa watumwa wa matajiri wao, na ukiangalia msafara kwa mbali usingeweza kuwatofautisha. Mambo hayo mawili yalitembea njia moja, siku moja, pengine kamba kwa bega.

Mimi nilikuwa nimechukua nusu ya njia ile nikaifanya njia nzima. Na kwa kufanya hivyo, kila Mnyamwezi niliyemsimulia nilimgeuza babu yake kuwa mtu wa kufungwa tu, asiye na safari yake mwenyewe. Akiwemo mume wangu, mara ya kwanza nilipomleta hapa tukiwa wachumba. Alinyamaza siku ile njia nzima ya kurudi Dar. Nilidhani ameguswa.

Soko la samaki

Siku ya pili sikufuata ratiba. Nilimpeleka sokoni asubuhi, mashua zikiwa zinaingia.

Nyote mmeshafika pale, sitaeleza kelele zake. Kolekole mkubwa alikuwa kwenye mnada, dalali anapandisha bei kwa sauti ya kukatakata, mbele yetu wavuvi wanashusha dagaa kwa matenga huku maji yakiwafika kiunoni. Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, maji yakitoka yanaacha tope na mchanga mbali kabisa. Ndiyo maana meli kubwa hazikuweza kukaribia, na ni sababu mojawapo Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Majahazi hayakujali. Yalisubiri maji yajae, na mzigo ukabebwa kwa mabega mpaka mwisho.

Mabega tena.

Tukakaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki kwenye karai. Akamtazama mzee, koti lake, kofia yake.

"Shikamoo mzee. Wa wapi wewe?"

"Marahaba. Tabora."

Yule mama akaweka upawa chini. Uso wake wote ukabadilika. "Alaa! Mtani! Umekuja kudai nini?"

Baba mkwe, mzee ambaye tangu jana alikuwa ananijibu kwa maneno mawili matatu, akajiweka sawa kwenye benchi. "Nimekuja kuchukua pembe yangu. Babu aliiacha kwenu, akaambiwa hela atapewa kesho."

"Babu yako alilewa tembo la mnazi, akailalia mwenyewe hiyo pembe! Nyie watu wa michembe mlifika hapa mkayaonja maji ya bahari mkauliza ni nani kamwaga chumvi!"

"Na bila pembe zetu mngekula mchanga. Hebu nipe samaki wangu, nisikuharibie biashara."

Watu wakasogea. Mvuvi mmoja, Mzaramo naye, akaingilia kati akamdai mzee kodi ya kukanyaga ufuko. Mzee akamtaka kwanza alipe nauli ya babu. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, na wakati huohuo nikihisi kitu kikinibana kifuani, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Miaka tisa ya ndoa.

Mzee alipewa samaki bure. Alipotaka kulipa, yule mama akaikataa ile noti, akasema neno lile ambalo kwa watani ni la kawaida kabisa:

"Weka hela yako. Ukifia hapa nakuzika mimi."

Mzee hakumrudishia utani. Alikaa kimya kidogo, noti bado iko mkononi.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Ndivyo ilivyokuwa."

Nikaelewa baadaye, tulipokuwa tunatembea. Wazee wanaeleza kwamba utani wa Wanyamwezi na watu wa huku pwani ulikomaa kwenye njia ya misafara. Mtu wa mbali, hana ndugu, anaugua katikati ya wageni. Mtani ndiye anayempa maji, ndiye anayemzika akifa, ndiye anayediriki kutania hata msibani ili waliobaki wapate nguvu ya kuendelea. Babu yule alikuja mara tatu na akarudi mara tatu. Lakini alikuwa na ndugu yake aliyekuja mara moja tu. "Yule hakurudi," aliniambia. "Nyumbani tulisema amezikwa na watani. Basi. Hilo lilitosha, hatukuuliza tena."

Amezikwa wapi, sitaweza kumwonyesha. Lakini watu wa yule aliyemzika, Baba alikuwa ameshakula samaki wao.

Mnara na jina lake

Tulipitia misheni tena kwa sababu alisahau fimbo yake. Pale kuna mnara unaojulikana kwa jina la Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kizungu. Mwili wake ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na baadaye Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Kwa hiyo miezi mingi ile, mwili ulisafiri.

Zamani niliisimulia sehemu hii kwa dakika moja. Safari hii nilimsimulia Baba yote niliyoyajua. Kwamba ulikuja mabegani. Kwamba watumishi wake, Susi na Chuma, ndio walioongoza, na kwamba katika wale waliokuwa kwenye msafara alikuwemo Halima, mpishi wake. Kwamba walizika moyo wake chini ya mti kulekule alikofia, wakaukausha mwili juani, wakaufunga uonekane kama mzigo wa kawaida ili wasizuiwe njiani. Kwamba Oktoba 1873 walipitia Unyanyembe.

"Kwetu," akasema.

"Kwenu, Baba. Waingereza waliowakuta huko waliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa."

Akautazama mnara kutoka chini mpaka juu, akauliza kama majina yao yameandikwa. Nikamwambia watu wanauita kwa jina la aliyebebwa.

Hakusema kitu. Alichukua fimbo yake, tukaondoka.

Ninaandika hapa kwa hasira kidogo, na sitaki kuificha. Njia hii ya misafara, kuanzia Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mpaka Ujiji, Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Urithi wenyewe ni njia. Njia imetengenezwa na nyayo. Nasi wenyeji tunaopokea wageni, tukianza na mimi, tunawaonyesha majumba yaliyojengwa mwisho wa njia, na waliotembea tunawataja kwa wingi, bila kituo, bila jiwe hata moja la kusema hapa walitua.

Bahari

Saa kumi jioni maji yalikuwa yanajaa. Baba alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akanipa koti nishike. Nilimwambia nitamshika mkono, akakataa kwa heshima.

Aliingia taratibu, akipima kila hatua kwa fimbo. Wimbi dogo lilipompiga alisimama. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja.

Akageuka kunitazama. Sitaisahau sura ile.

"Kumbe kweli," akasema.

Alikaa ndani ya maji karibu nusu saa. Vijana waliokuwa wanacheza mpira walihamisha goli lao ili wasimpige. Mimi nilikaa mchangani na koti lake mapajani, nikawaza kwamba huyu ndiye mgeni wa kwanza wa mji huu, mgeni wa kabla ya hoteli na kabla ya makumbusho, na kwamba alichokuja kukifanya hapa ni kilekile babu zake walichokifanya: kutua, kuoga bahari, kula samaki, kutaniana na wenyeji, kununua kitu cha kupeleka nyumbani. Mama alimnunulia kanga doti mbili za shangazi, yaani dada yake Baba. Ng'onda alinunua mwenyewe, baada ya kubishania bei kwa muda mrefu.

Na kabla hatujaondoka alitafuta chupa ya maji ya nusu lita, akaenda tena ufukweni, akaijaza. "Ya dada yangu," akasema. "Miguu yake haifiki."

Tangu siku ile

Niliporudi Dar nilimwomba mume wangu samahani kwa siku ile ya uchumba. Alikuwa ameshaisahau, au alisema hivyo. Halafu akaniambia kitu kimoja: siku ile alitaka kuniuliza kama hakuna hata mmoja wao aliyefika hapa akafurahi.

Mwezi uliopita nilipeleka wageni wengine, watano, wa kutoka ofisini. Kwenye mbuyu mmoja wao aliushika mnyororo, sura yake ikaanza kuwa nzito, na nikaona vile nilivyozoea. Nikasema, "Huo ni wa punda. Ya watu iko ndani, twende nikuonyeshe." Tukaingia. Kisha tukatoka, nikawapeleka kule minazini nyuma ya mji, mahali pasipo na kitu chochote cha kupiga picha, nikawaeleza kuhusu frasila mbili na miezi mitatu. Wawili walisikiliza. Watatu walikuwa na njaa.

Nimeanza pia kuwauliza wazee wa Dunda na Magomeni kama babu zao walitaja mahali. Mmoja alinielekeza upande huu, mwingine upande ule, wa tatu alinitania mpaka nikasahau swali. Ninaandika kila jibu kwenye daftari.

Baba mkwe hunipigia simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Zamani alimpigia mwanawe.

"Kambi umeipata?"

"Bado, Baba."

"Endelea kuuliza. Na ukija, uje na chupa kubwa. Shangazi yako kila mgeni anayeingia anamwonjesha kwa ncha ya kidole, sasa maji yamekwisha."